Wa Saba Alipita Juu ya Mawingu

Ndege ya asubuhi itokayo Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro haitui Korogwe wala Handeni. Hupita katikati ya miji hiyo miwili, juu sana, kiasi cha saa nne na dakika tano, na watu wa huku wenye shughuli zao hawainui hata kichwa. Asnath Shemweta huinua. Akiwa sokoni Korogwe na fungu la nyanya mkononi, muuza nyanya hungoja, maana ameshamzoea. Asnath hutazama upande wa Handeni mpaka chombo kile kimezwe na mbingu, hutazama saa yake, na akifika nyumbani huandika dakika ile katika kurasa za nyuma za daftari kubwa lenye jalada jeusi.

Kurasa za mbele za daftari hilo ni za Tawi la Korogwe na Handeni la Chama cha Wanataaluma wa Anga. Asnath amekuwa mwenyekiti wake tangu lianzishwe, miaka minane iliyopita. Kibao cha tawi, futi mbili kwa tatu, kimekazwa kwa skrubu kwenye ukuta wa nyumba aliyoachiwa na mama yake, na kimemletea maneno.

"Mama, hizo ndege zenu mnazifuga wapi?" vijana wa bodaboda humwuliza.

"Juu," hujibu, na kupita.

Ana miaka sitini na mmoja. Alizaliwa Vuga, milimani, na alikuwa na miaka tisa alipoiona ndege kwa karibu mara ya kwanza. Siku hiyo alishuka na bibi yake hadi Mazinde kuuza mapeasi, na katika kiwanja cha nyasi pembeni ya mkonge palikuwa na ndege ndogo iliyoharibika. Rubani alikuwa kivulini akinywa chai. Chini ya tumbo la ndege ilitokeza miguu ya mtu, viatu vimejaa mafuta, na mara kwa mara mkono ulitoka, ukapapasa nyasi, ukachukua spana, ukarudi ndani. Asnath alisimama na kikapu kichwani mpaka bibi akamvuta sikio. Wenzake shuleni waliokuwa wakizungumza habari za ndege walitaka kuirusha. Yeye alitaka kulala chini yake.

Akalala chini yake miaka ishirini na minane. Alisomea ufundi, akaajiriwa Dar es Salaam katika hanga moja, jengo la kutengenezea ndege, na kwa muda mrefu akawa mwanamke pekee mwenye ruhusa ya kusaini kitabu cha matengenezo. Saini hiyo ndiyo iliyomjenga, na kwa namna fulani ndiyo iliyomtenga. Kanuni ya kazi ile ni fupi: hakuna fundi anayesaini asichokiona kwa macho yake.

Ijumaa moja, abiria wa Mwanza wakiwa wameshakaa vitini, fundi mwenzake alifunga kifuniko cha injini ya kushoto na kumletea kitabu asaini kama mkaguzi wa pili.

"Nimekaza mwenyewe, Asnath. Weka saini ndege iondoke."

"Fungua."

"Watu wamekaa ndani, joto linawaua!"

"Fungua nione."

Akafungua huku akitukana. Asnath alipanda ngazi na kioo chake kidogo chenye mpini mrefu, kile wanachotumia mafundi kuona nyuma ya vitu, na kijana mwanafunzi akamshikia tochi. Dakika arobaini zikapotea. Kila kitu kilikuwa kimekazwa sawasawa. Fundi yule hakumsemesha mwezi mzima, na hanga nzima ilicheka.

Kijana wa tochi alikuwa Deogratius, mtoto wa Ngombezi, aliyezaliwa katika nyumba za safu za wafanyakazi wa mkonge. Babu yake alikuja na mkataba wa kukata majani na hakurudi tena kwao. Jioni ile walipokuwa wakinawa mikono kwa mafuta ya taa, alimwambia, "Kumbe ilikuwa sawa, fundi."

"Sasa najua," Asnath alisema. "Mwanzo nilikuwa naambiwa."

Deogratius alicheka, lakini tangu siku hiyo hakumwita dada kama wengine. Alimwita fundi. Asnath hakuolewa wala hakuzaa, na hakupenda watu wamhurumie kwa hilo. Kijana huyo akawa kile ambacho hakukitafutia jina.

Mama yake alipoanguka na kupooza upande mmoja, Asnath aliomba kustaafu mapema, akarudi Korogwe kumwuguza. Mama aliishi miaka miwili. Baada ya arobaini ndugu walimwuliza kama atarudi mjini, na hapo ndipo alipogundua kwamba hanga ilikuwa imeshajaza nafasi yake. Alibaki. Alijifunza kulima maharage. Usiku wa kwanza alilala usingizi mzuri, wa pili akaamka kwa sababu ya ukimya. Mtu aliyelala karibu na injini zinazojaribiwa kwa miaka ishirini na minane hauzoei ukimya kwa urahisi. Kuna kipindi alikuwa akifungua kidumu cha mafuta ya taa jikoni na kukinusa tu, kisha kukifunga.

Wazo la tawi lilikuwa la Deogratius. Alikuja likizo, wakakaa kwenye benchi stendi ya Korogwe wakingoja basi lake, wakaandika kanuni za tawi nyuma ya bahasha. Wanachama walipatikana mmoja mmoja, kama mtu anavyookota njugu zilizomwagika. Mzee Simeo, aliyesoma rada jeshini. Mwalimu Fausta wa fizikia. Abdulaziz, aliyejaza ndege mafuta miaka kumi kabla ya kufungua duka la matairi Handeni. Baadaye wakaja vijana: Husna, mpima hali ya hewa, na Elisha, anayerusha droni kuchora ramani za mashamba huko Kwaluguru. Pamoja na Asnath na Deogratius, saba. Saba kamili, hakuna wa ziada.

Siku ile ya bahasha, walipofikia kifungu cha mipaka ya tawi, Deogratius aliandika, "Ardhi ya wilaya za Korogwe na Handeni." Asnath alimpokonya kalamu na kuongeza maneno mawili: na anga. "Chama cha anga gani kinachoishia kwenye paa?" alisema. Waliandika na kucheka, na basi likaondoka na Deogratius akiwa bado ameshika bahasha.

Makao makuu waliipokea kanuni hiyo ilivyo. Wao wenyewe walikuwa na kanuni kali zaidi. Iligundulika kwamba tawi moja la mbali lilikuwa likitangaza wanachama arobaini, na kumi na moja kati yao walikuwa makaburini. Ikapitishwa kwamba katika mkutano mkuu wa kila mwaka, wanachama wasiopungua saba wawe wamefika kwa miili yao ndani ya eneo la tawi, na mwenyekiti athibitishe kwa saini yake kwamba amewaona. Tawi litakaloshindwa miaka miwili mfululizo linafutwa.

Mwaka jana Korogwe na Handeni walikuwa sita. Deogratius alikuwa ameshapata kazi nchi za Ghuba, na likizo yake ilisogezwa dakika ya mwisho.

Mwaka huu aliahidi. Alituma picha ya tiketi miezi miwili kabla: angetua Dar es Salaam Ijumaa usiku, Jumamosi alfajiri apande gari, saa tatu awe mkutanoni. Asnath alinunua mchele wa Mombo, akafua mapazia. Alimnunulia na kikombe kipya, maana cha zamani kilikuwa kimevunjika sikio, kisha akaona aibu na kukificha kabatini.

Jumatano simu ikalia.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umeshapanga mizigo?"

"Mke wangu amelazwa Moshi. Grasiana. Wanampasua Jumamosi mchana. Nikitua Dar nabadilisha ndege moja kwa moja."

"Pole, mwanangu. Mkono wa Mungu uwe juu yake." Asnath alikaa kwenye kigoda. "Nenda kwa mkeo. Mambo ya huku ni mambo tu."

"Ndege ya saa tatu na nusu, fundi. Ile yako."

Asnath aliinua macho kwenye dari.

"Nitapita juu yenu. Nitakuwa ndani ya eneo la tawi kwa mwili wangu, kama dakika sita hivi nikipiga hesabu. Kanuni umeiandika mwenyewe. Nisainie tu."

"Mtunze mkeo," alisema Asnath, na akakata simu.

Mkutano hufanyika shuleni kwa Mwalimu Fausta, kwenye barabara ya Korogwe kwenda Handeni. Asnath amekuwa akiwaambia wenzake kwamba alipachagua kwa haki, ili watu wa pande zote mbili wasafiri sawa. Hilo ni kweli. Hajawahi kuwaambia kweli nyingine: alikwenda pale na ramani na rula, akagundua kwamba njia ya ndege inapita karibu juu ya paa la maabara.

Jumamosi hiyo ya mwisho wa Aprili kulikucha na mawingu yaliyolala chini kama blanketi lililolowa. Asnath alifika saa mbili na robo. Alipanga viti saba. Fausta alileta chupa za chai na mihogo ya kuchemsha, akavihesabu viti, akaanza kupanga vikombe. Abdulaziz alifika na pikipiki, matope mpaka magotini. Elisha na Husna walikuja pamoja. Mzee Simeo alikuja wa mwisho, kwa fimbo, akashikiwa mlango.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu mwenyekiti. Mtoto wetu yuko wapi?"

Asnath akawaeleza: habari za Grasiana, habari za ndege, habari za ombi. Aliyasema yote kwa mpangilio, kama anayesoma ripoti ya ubovu. Alipomaliza, Elisha alikuwa ameshafungua kanuni kwenye simu yake.

"Lakini mama, Deo ana haki!" alisema. "Sikilizeni. Eneo la tawi ni ardhi na anga ya wilaya za Korogwe na Handeni. Anga ya nchi haina dari kwa ndege. Aliye futi elfu kumi na nane juu ya Handeni yuko Handeni."

"Anayepita chooni kwangu yuko kwangu pia?" Abdulaziz aliuliza.

"Akiwa ndani, ndiyo!"

Watu walicheka, na kicheko kiliwafanyia wema, maana kila mmoja alijua kilichokuwa mezani. Likifutwa tawi, Husna angepoteza mahali pekee ambapo watu humwuliza mawingu yale ni ya aina gani na kusubiri jibu. Mzee Simeo angepoteza sababu ya kuvaa koti lake la bluu. Na Asnath, kila aliyekuwa chumbani alijua angepoteza nini, ndiyo maana hakuna aliyemtazama.

"Sawa," Asnath alisema. "Nakubali kwamba atakuwa ndani ya eneo. Nimeandika mwenyewe, siwezi kulikana. Imebaki sehemu ya pili. Nimwone."

Husna alitazama dirishani. "Mama mwenyekiti, wingu hili liko kama futi elfu mbili. Halitafunguka kabla ya saa sita. Natamani ningesema vingine."

"Masika nayo ni mwanachama," alisema Fausta polepole. "Kila mwaka yenyewe hayakosi."

Saa nne kasoro dakika mbili walitoka nje wote. Mvua ilikuwa imekatika, majani ya mahindi kwenye shamba la shule yanadondosha maji. Mzee Simeo aliletewa kiti. Asnath alisimama peke yake katikati ya uwanja wa mpira, daftari limefungwa kwenye mfuko wa nailoni, uso juu, macho kwenye weupe ule usio na mwanzo wala mwisho.

Saa nne na dakika nne ilisikika.

Aliisikia kabla ya wengine. Kwanza kama mtu anayesaga nafaka nyumba ya tatu, kisha ikawa sauti yenyewe: mapangaboi mawili yanayozunguka kwa mwendo mmoja, hayapishani hata kidogo. Injini hizo alizifungua na kuzifunga mara zisizohesabika. Ya kulia ilikuwa na mluzi mwembamba, si ubovu, tabia tu, na alijua kifuniko gani kinauleta. Mikono yake ilisogea yenyewe kwenye jalada la daftari, kidole gumba juu, kana kwamba imeshika kitu cha kukaza. Ndani ya sauti hiyo kulikuwa na kijana aliyemshikia tochi, amekaa kwenye kiti, huenda ameegemeza paji la uso kwenye dirisha, anatazama chini kwenye weupe huohuo kutoka upande wa pili. Kati yao palikuwa na wingu na kipande cha hewa. Hakuwa amemkaribia hivyo kwa miaka miwili.

Elisha alikuwa akipunga mikono yote miwili kama anayeongoza ndege kuegesha. "Nimemwona!" alipiga kelele. "Haki ya Mungu nimemwona!"

"Umeona nini?"

"Nimeona... nimeona wingu limetikisika."

Sauti ilisogea kuelekea milima ya Pare, ikawa nyembamba, ikaisha. Mdondoko wa maji kwenye mahindi ukasikika tena.

"Mwanangu mwenyekiti," Mzee Simeo alisema kutoka kitini. "Mimi nimekaa kwenye rada miaka kumi na tisa. Sikuwahi kumwona mtu hata mmoja. Nilikuwa naona kidoti, naandika ndege, na ndege ilikuwepo. Na wewe Jumapili unamwimbia Mungu usiyemwona, kwa sauti ya kwanza kabisa."

"Mungu sijawahi kumsainia kitabu, mzee."

"Basi wewe ni mgumu kuliko katiba."

"Ndiyo, mzee," alisema, na akafuta miwani kwa pindo la kitenge, ingawa mvua ilikuwa imekatika.

Walirudi ndani. Asnath alifungua daftari, akaandika majina, na kila mmoja akatia saini mbele yake, naye akamtazama usoni kila mmoja kama kanuni inavyotaka. Sita, pamoja naye mwenyewe. Kisha akafika mstari wa saba. Kalamu ilikaa juu ya karatasi kwa muda mrefu kiasi kwamba chai ya Abdulaziz ilipoa. Ingetosha alama moja. Makao makuu wasingejua, na hata wangejua wasingejali. Deogratius angefurahi. Kitu pekee ambacho kingebadilika ni kwamba, kuanzia siku hiyo, ile Ijumaa ya abiria wa Mwanza ingekuwa ukaidi wa mwanamke mmoja tu na si kitu kingine.

Akaandika: *Deogratius. Saa 4:04 asubuhi. Sauti ya chombo imesikika. Mtu hakuonekana.* Akatia saini chini ya hapo, jina lake lote, kwa mwandiko uleule wa hanga.

Fausta alimmenyea muhogo, akamsogezea.

Jioni Deogratius alipiga simu. Grasiana alikuwa ametoka chumba cha upasuaji salama na ameshaomba maji. Asnath alimshukuru Mungu kwa sauti. Wakazungumza habari za mgonjwa, daktari, na ndugu waliojazana wodini. Mwishoni Deogratius akauliza:

"Uliniona, fundi?"

"Nilikusikia. Injini ya kulia bado inapiga mluzi."

Deogratius alicheka, kisha kicheko kikakatika. "Najua ulichoandika," alisema. "Mimi ndiye niliyeshika tochi."

"Njoo siku moja unywe chai. Kuna kikombe chako."

"Nitakuja, fundi."

Barua ilifika wiki ya pili ya Juni, ya heshima, imepigwa mhuri. Ilimshukuru mwenyekiti kwa uaminifu wake. Ilimjulisha kwamba kuanzia tarehe mosi Julai wanachama wa Korogwe na Handeni watahesabiwa chini ya Tanga, na ilimwomba arudishe mhuri, kibao na daftari. Asnath alikifungua kibao mwenyewe, skrubu nne, akazitia kwenye bahasha ndogo na kuandika juu yake "skrubu, nne". Alifunga vyote katika boksi la sabuni, akalipeleka stendi na kumkabidhi kondakta wa basi la Tanga, akisimama mpaka aone limewekwa mahali pasipolowa. Ukutani kwake pamebaki pande jeupe la futi mbili kwa tatu, na matundu manne.

Siku tatu baadaye alikuwa sokoni. Masika yalikuwa yamekwisha, anga imeoshwa, milima ya Usambara iko wazi mpaka mti mmojammoja. Sauti haikufika, ilikuwa mbali mno, lakini upande wa Handeni aliiona, punje inayong'aa, ikienda zake. Muuza nyanya alingoja. Asnath aliitazama mpaka ikaisha, akatazama saa yake. Saa nne na dakika nane. Imechelewa dakika tatu.

"Tatu," alisema, na mkono ukaingia mfukoni kutafuta kalamu. Aliipata. Alisimama nayo kidogo, daftari likiwa Tanga, kisha akairudisha na kutoa noti ya kulipia nyanya.